Kizibo

Tulitoka Iringa saa moja, Gangilonga bado imejifunika ukungu,
watu wanne, tairi la akiba moja,
na chupa ya mvinyo wa Dodoma aliyoinunua Tusekile
kwa bei aliyokataa kuitaja.
Aliipakata kama mtoto anayepelekwa chanjo.
"Hii ni ya Tukuyu," alisema. "Mama atapika,
tutakunywa kwa bilauri, kama watu."

Hakuna aliyeuliza habari ya kizibo.

Ifunda tulisimama, ila si kwa mvinyo.
Kando ya mianzi kijana alikuwa na dumu la njano,
ulanzi wa alfajiri, povu bado linapumua.
Kihwelo akaonja, akafumba jicho moja:
"Huu mtogwa. Wa watoto na wakwe.
Mkangafu umeuficha wapi?"
Kijana akacheka, akavuta dumu la pili kutoka nyuma ya goti.
Hatukumsifu. Methali tunaijua,
na kisima kilikuwa hatua kumi tu.

Ngailo hanywi. Usukani ni wake,
na sukari ni yake pia, tangu mwaka juzi.
Lakini kila kikombe kikizunguka husema:
"Nielezeni."
Basi tukamweleza, Mafinga yote, misonobari ikitupita kwa mistari:
mimi nikasema, ladha ya hindi bichi lililong'atwa shambani bila ruhusa;
Kihwelo akasema, mvua ya jana kwenye paa la nyasi;
Tusekile akasema, kama uongo mdogo
unaomwambia mtu unayempenda.
Ngailo akatikisa kichwa, akabadili gia.
"Huo wa Tusekile," akasema, "nimeulewa."

Makambako upepo ulitushika makoti kama mdai.
Kitimoto kwenye sinia, ndizi za kuchoma, chumvi juu ya gazeti,
pilipili iliyomtoa Kihwelo machozi ya msiba usio wake.
Mafuta vidoleni, tukazungumza vibaya juu ya mabosi wetu,
kisha vizuri juu ya mama zetu,
kisha tukanyamaza, maana nyama ilikuwa imefika kwenye ngozi,
na ngozi ile ikivunjika meno yanataka kusikiliza.
Hapo ndipo Tusekile akalegea.
"Tuifungue hapahapa."
Tukatazamana. Kisu. Ufunguo wa gari. Msumari.
Fundi baiskeli akaja na bisibisi na ushauri mwingi.
Kizibo kikatoa unga, kikatoa nusu yake,
nusu iliyobaki ikajishika kooni mwa chupa
kama neno la mtu mwenye kigugumizi.
Fundi tulimlipa kwa mbavu mbili.

Chimala tulikula wali mtupu, kwa harufu tu.
Isyonje mvua. Viazi kwenye ndoo kando ya barabara,
mama mwenye ndoo amejifunika nailoni, haharakishi.
Tusekile alilala, chupa magotini,
kila kona ikimfanya aibane bila kuamka.

Tukuyu, usiku. Mama yake hakutusalimia sana;
aliangalia kwanza kama tumekonda.
Mbalaga kwenye sufuria nyeusi, maharage mazito,
parachichi limekatwa na kuachwa na kokwa lake
ili lisione aibu.
Akaichukua chupa, akaisikiliza historia yake yote,
Ifunda, Makambako, bisibisi,
akageuza mwiko, akasukuma kwa mpini.
Pu! Kizibo kikazama ndani, kikaelea.
"Kitoke, kiingie," akasema, "si imefunguka?"

Bilauri zilikuwa mbili, zingine vikombe vya chai.
Tulikunywa tukitema vipande vya kizibo kwenye viganja,
na kusema kweli, ulikuwa mkali, wa moto kidogo, umechoka na safari,
na hakuna aliyethubutu kuutaja mkangafu.

Ngailo, gari limezimwa, funguo mezani,
akachovya ncha ya kidole, akailamba.
"Haya," tukamrukia wote, "tueleze wewe!"
Akafikiri mpaka mvua ikahamia upande wa pili wa paa.
Mama akamwongezea ndizi bila kuuliza.

"Umekosa chumvi," akasema.