Wanauzwa na Mlima

Dalali alikuwa na mafua siku ile.
Alipenga kamasi katikati ya bei,
akaikunja leso, akagonga nyundo,
na eka tisini na tatu za mteremko wa Welisi
zikawa zetu, na deni likawa letu,
na upepo, ambao hakuna aliyeuandika,
ukaja bure.

Deiniol alinikanyaga mguu: nyamaza.
Nilikuwa nimeshanyoosha mkono.

Pesa za mwanzo zilitoka duka la vitambaa la mama yake,
miaka arobaini ya vifungo na mita moja moja.
Zilizobaki ni za benki. Benki haishikwi na mafua,
haipengi, haisahau.

Kwenye hati, ukurasa wa tano, kulikuwa na sentensi:
kondoo mia na kumi na wanne wanauzwa na mlima.
Nilicheka mbele ya wakili.
Nilidhani ni kama lile kabati kubwa
ambalo mwenye nyumba huliacha
kwa kuwa halipiti mlangoni.

Tegwen Prydderch alituachia funguo
ndani ya mkebe wa biskuti,
na kikaratasi: Mwenye sikio lililochanika msimuuze.
Hakueleza. Alikuwa ameshahamia kwa dada yake,
na simu yake iliita tu.

Mgeni siku mbili; ya tatu tulipewa kwato.
Kwato zilizooza, harufu inayokufuata
hadi kwenye mkate, hadi kwenye mto wa kulalia.
Deiniol anashika, mimi nakata,
kondoo kakaa kitako, katutazama
kama mzee anayekatwa kucha hospitalini
na muuguzi asiyemjua.

"Hawa wamekonda," alisema Deiniol. "Tulete wengine."
Tukaleta ishirini kutoka bondeni,
wanene, nyuso nyeupe pe,
wakashuka kwenye lori kama wageni wa harusi.
Jumanne walikula.
Jumatano walitazama huku na huku.
Alhamisi jirani yetu Ithel alipiga simu:
wapo kwenye kituo cha petroli, maili sita,
mmoja anakula maua ya dirishani.

Mlima wetu huko juu hauna uzio. Hauna hata waya.
Na wale wembamba wa Tegwen
walikuwa kule kule ndani ya ukungu,
wanacheua, wameupa upepo migongo.

Hapo nikaielewa sentensi ya ukurasa wa tano.
Nusu yake.

Machi, usiku, theluji ikipepea kwenye taa ya banda,
mtoto wa Sikio alizaliwa hana pumzi.
Deiniol alimchuna kwa kisu cha mfukoni.
Macho yalimlenga; akasema ni baridi.
Ngozi ile tukamvisha yatima wa zizi la pili,
miguu minne, matundu manne,
koti la mwenzake, bado lina joto.
Sikio akamnusa mkiani.
Akamsukuma kwa paji la uso, akageukia ukuta.
Akarudi. Akanusa tena, kwa muda mrefu,
kisha akasimama wima, akamwachia chuchu.
Dang'a likamchuruzika yatima kidevuni.

Sikulala usiku ule.
Niliwaza, pengine na sisi
bado tunanuswa.

Mwezi wa tano nilipanda juu na Gwion, miaka mitatu,
buti za mpira kazivaa kushoto kulia.
Mbele yetu Sikio na yule wa koti
wanakula wanakwenda, wanakula wanakwenda,
mpaka mahali pasipo na kitu, mama akageuka.
Mtoto akapitiliza hatua tatu.
Akaitwa. Akarudi.

Nilifika pale nikatafuta alama:
jiwe, mfereji, nyasi za rangi nyingine.
Kwenye ramani ya wakili hapo pana mstari mwekundu.
Ardhini, umande na mavi ya kondoo.
Nikainua kichwa nimwite mwanangu asiende mbali,
naye alikuwa ameshageuka,
anateremka nyuma yao, hajaambiwa na mtu,
anasema ana njaa.