Risasi Kumi

Sitaki hiyo nyekundu inayong'aa, Kimolo. Rudisha.
Najua ina nguvu. Najua boksi lake lina picha ya bata
anayeanguka kwa adabu.
Kwetu Chipanga hakuna kinachoanguka kwa adabu,
na sikuja kwa ajili ya bata.

Nimeamka saa tisa, nimepanda basi la Bahi
na kibali kifuani, kimekunjwa mara nne,
na pesa ya risasi kumi. Kumi tu.
Kwa hiyo nitachambua kama mtu anayechambua mbegu,
na wewe utavumilia.

Bunduki ya baba ni ya kukunja, mitutu miwili,
imemzidi mama umri.
Si kama hizi zako zinazorusha maganda zenyewe.
Ina ulimi mdogo wa chuma
unaoliinua ganda kwa upana wa ukucha, basi.
Kilichobaki ni kazi ya vidole,
na vidole vya usiku vina jasho.

Nageuza kila moja, natazama kitako.
Hii hapa sumaku, niliitoa kwenye redio iliyokufa.
Ona: rangi ya shaba, lakini inanasa.
Bati hilo. Likishavimba kwa moto halirudi,
linang'ang'ania kama mgeni aliyenogewa na mlenda.
Shaba hutanuka, kisha hujirudi.
Shaba ina haya.

Mwaka jana, mwezi wa tatu, uwele una maziwa,
nguruwe waliingia saba.
Nikapiga wa kulia. Nikapiga wa kushoto. Nikakunja.
La kushoto likatoka.
La kulia likakaa.
Nikavuta kwa kucha, kwa kisu, mwisho kwa meno,
ukingo ukamenyeka kama ganda la karanga.
Jike mmoja alisimama hatua kumi,
akisikiliza ninavyohangaika.
Ningependa kukuambia alinirukia, hadithi ingenoga.
Aligeuka tu, akarudi kula.
Mpaka alfajiri nilikaa na chuma kilichofungwa mdomo,
nikiwasikia wakitafuna karo ya Ndahani.

Kulipokucha nikakata ufito wa mkole,
nikasukuma kutoka mbele, taratibu.
Ganda likatoka na vumbi la kutu.
Nikatia kidole mlemo chumbani:
vishimo, vishimo, kama uso uliopona ndui.
Baba, Mungu amrehemu, alikuwa anapangusa nje.
Mtutu uking'aa, jirani waone.
Na zile za karatasi alizotuachia chini ya paa la tembe
zimenenepa kwa kila mvua iliyovuja.
Sikuzitupa. Sizitumii pia.

Usicheke pete yangu. Ni kipande cha bomba la baiskeli,
fundi Masaka alikitanua kwa tupa siku nzima
hadi kikalingana na chumba cha bunduki.
Risasi ikipita kwa uzito wake, bila kusukumwa,
naiweka kulia.
Ikisita, hata kidogo, hata kwa heshima,
naiweka kushoto.

Hii inapita.
Hii inapita.
Hii ina mkunjo mdomoni, inakuna. Kushoto.
Hii umeikalisha juani dirishani, Kimolo, plastiki imelegea,
usiniambie ni mpya.

Wanaume waliokuja kununua kabla yangu
wamekuuliza inapigaje, inafika mbali kiasi gani.
Kupiga inajua, haijawahi kunisumbua kwa kupiga.
Mimi nauliza inavyotoka.
Watu wengi nimewaona wakiingia kwa kishindo.

Saba.
Nilitaka kumi, nimepata saba.
Pesa ya tatu nipe mafuta ya cherehani, kichupa kidogo,
na ile brashi ya waya uliyoning'iniza nyuma yako.
Hapana, hiyo nyembamba.
Na andika risiti vizuri, andika jina lote:
Mbeleje Chidawali.
Polisi wa Bahi husoma polepole.