Punje Kubwa

Kitunguu saumu hakingoji masika,
hapa kwetu kando ya ziwa la Peipsi.
Kinapandwa ardhi ikikaribia kulala,
Oktoba, vidole vimekufa ganzi,
wenye akili zao wako ndani wanachemsha chai.

Unakivunja kichwa kama mkate wa kukopa,
polepole, ukihesabu.
Punje ndogo, chungu.
Punje ya kadiri, gudulia la siki.
Punje kubwa haina mjadala, hiyo ni ya udongo.
"Mla mbegu amemla mjukuu wake,"
alisema mama mkwe wangu Agafia,
akanichapa kijiko cha mkono,
maana nilikuwa nimeshaitia mdomoni.

Ncha juu, kitako chini,
kina cha kidole mpaka kifundo cha pili.
Tuta liinuliwe hadi gotini, maji ya ziwa yasitufuate,
juu yake blanketi la matete makavu.
Kisha theluji.
Kisha huna la kufanya, na hilo ndilo gumu.

Mbegu yetu ina ngozi ya zambarau,
kila kichwa punje saba,
sita ukiwa na mkosi.
Miaka arobaini na miwili nimeilaza na kuiamsha,
mpaka kikaja kiangazi kile cha mvua.
Juni majani yakawa manjano.
Nikavuta shina moja, likaja bila ubishi,
na chini yake pamba nyeupe ya ukungu,
na harufu isiyo ya kitunguu
wala ya udongo.
Nikang'oa tuta zima, nikachoma.
Machozi yalinitoka; nilisingizia moshi.

Sasa, Zinovi.
Kati ya ua wake na wangu kuna mbao tisa
na miaka kumi na moja bila salamu.
Chanzo ni shada moja la vitunguu saumu
lililokuwa likikauka barazani kwangu.
Jumamosi lipo, Jumapili halipo.
Aliapa mbele ya picha za watakatifu, mkono kifuani.
Nikamwambia kinywa chake kitanuka hadi kiyama.

Septemba nilivaa kitambaa cha mazishi,
nikabisha hodi kwake.
Sikusema nimekuja kuomba.
Nilisema nimekuja kurudishiwa.
Hakubisha. Alipanda ngazi ya darini,
akashuka na shada refu kuliko mkono.
Ngozi ya zambarau.
Nilipasua kichwa kimoja palepale mlangoni,
nikahesabu: saba.

"Nilikula kimoja tu," alisema, akitazama viatu vyake,
"usiku uleule. Vingine vilinishinda.
Vilikuwa vikubwa mno."

Mwizi mwingine angevimaliza kwa supu.
Huyu alivilaza, akaviamsha,
miaka kumi na moja nyuma ya mbao tisa,
akifunika kwa matete, nadhani,
siku zilezile nilipofunika mimi.
Bado ni mwizi. Nilimwambia hivyo, akakubali,
akanikaribisha chai.
Nikakataa. Nikanywa vikombe viwili.

Tuta la mwaka huu ni jipya, upande wa jua,
mbali na pale palipooza.
Yeye anashika kamba, mimi natoboa mashimo.
Hatuna maneno mengi.
"Ncha juu," namwambia.
"Najua," ananijibu.
Na kweli, anajua.