Safu ya Tano

Mjomba Faki Shaame alirudi Wete mwaka sabini na nne
na shahada ya fizikia ya anga,
koti la baridi ambalo halikupata siku yake hata moja,
na sanduku la bati lenye kufuli mbili.
Kufuli ndizo zilizomponza.
Angetia moja, tungesema ana fedha.

Kazi yake, kwa barua ya serikali, ilikuwa kupima hewa.
Asubuhi, kiwanjani Chake, puto jeupe likijazwa, likiachiwa,
na yeye chini, jicho kwenye darubini,
akiandika mwendo wake mpaka likawa tone la maziwa,
mpaka likawa si kitu.
Lakini kila mwezi ukiandama
gari ya kijivu yenye mapazia ilimfuata usiku,
ikashika njia ya Konde,
na dereva wake hakupata kununua hata sigara kwetu.

Mji wetu haukosi mtunzi:

*Sanduku la Faki zito, lina kufuli za chuma,*
*Si dhahabu wala kito, sahani yenye kuvuma,*
*Ilishuka penye mto, wenyewe wakasimama,*
*Walilalamika joto, Faki kawapima homa.*

Hakukanusha.
Hilo lilimuuma mama kuliko uvumi.
"Sema siyo," akimwambia, akimmiminia chai.
Naye hupuliza kikombe, husema:
"Ndiyo, sina ruhusa nayo.
Na siyo, dada, sina ushahidi wake."

Cheo kikampita, kikaenda kwa aliowafundisha.
Posa yake Limbani ikarudishwa na sinia lake;
baba mtu alisema hamwozi binti
kwa mtu ambaye nusu ya usiku wake haina maelezo.

Kisha ukaja mwaka wa popobawa.
Mji mzima ukatoa majamvi, ukalala uani,
macho juu, Kur-ani midomoni.
Sijapata kumwona na furaha ile.
Alipita nyumba kwa nyumba na kalamu sikioni:
Umeona nini? Saa ngapi? Upande gani?
Kikubwa kama nini, ukinyoosha mkono?
Watu waliotetemeka walimjibu kwa nyuzi na dakika,
na wengine, walipokwisha jibu, walilala.

Siku ya tatu ya matanga nilivunja kufuli.
Madaftari tisa ya skuli, nyuma jedwali la kuzidisha.
Tarehe, saa, upande, nyuzi,
na safu ya tano: *Ni nini?*

*Zuhura.*
*Ndege ya Mombasa, imechelewa.*
*Puto letu wenyewe. Aibu.*
*Mwizi wa karafuu, tochi mbili. Sikumripoti.*
*Kimondo. Kizuri.*
*Zuhura tena.*

Mistari elfu moja mia moja na arubaini.
Mitatu, safu ya tano haina kitu.
Hakuandika "haijulikani," hakupiga mstari.
Mimi ni mwalimu wa hesabu,
najua tofauti ya sifuri na nafasi.

Baada ya arubaini walikuja wawili kutoka Unguja,
mashati ya mikono mirefu, risiti isiyo na muhuri.
Walikunywa maji, hawakugusa kaimati.
"Marehemu alikuwa na karatasi zetu."
Zetu nani, sikuuliza. Niliwapa madaftari manane.

La tisa limo katikati ya madaftari ya darasa la sita,
ninayosahihisha usiku umeme ukiwepo.
Nimelifungua mara nyingi, ukurasa ule ule:
Agosti themanini na moja, saa nane na robo,
juu ya dari ya fleti, kaskazini, nyuzi sitini na moja.

Nakumbuka dari. Nakumbuka saruji baridi chini ya nyayo,
nikiwa na miaka tisa, nimetolewa kitandani,
mkono wake begani mwangu ukitetemeka.
"Mize, unaona nini?"
"Naona usingizi."
Alicheka mpaka akakaa chini.

Safu ya tano: nafasi.
Pembeni, kwa wino mwingine, herufi ndogo:
*Shahidi wa pili aliona usingizi.*