Taa ya Behewa la Mwisho

Baba alishika bendera stesheni ya Tabora.
Usiku, treni ya Mpanda hakuiona;
aliona taa nyekundu mkiani
ikififia, mpaka miombo ikaimeza.

Mimi, Kalunde, nimefunga taa yangu
kwenye mkia wa uzi wa RNA.
Zamani tuliua seli kwanza,
ndipo tukaiuliza habari.
Hii i hai. Inajikunja chini ya lenzi.

Nukta ya kijani yatoka kwenye kiini,
inasita mlangoni,
inarudi (imesahau nini?)
kisha hiyoo, inashika njia.

Umeme wa Cheyo ukakatika.
Nukta imezimika machoni pangu tu;
ndani kule ujumbe unakwenda
bila shahidi.

Daftarini naandika kama baba:
*Imeondoka saa tisa na dakika nne.
Kufika, sijui.*