Debe la Makaburini

Jumatatu nilipiga msumari wa inchi nne
kwenye mkorosho wa mlangoni, makaburi ya kanisa letu, Newala,
nikatundika debe la kumwagilia, la kijani,
nililolinunua Mtwara mjini kwa bei nisiyoitaja,
maana mama bado anasikia vizuri.

Baba amelala safu ya tatu, karibu na ukuta.
Silvano Nandonde, fundi pampu.
Msalaba wake ni bomba la inchi mbili,
wenzake wa karakana waliuchomelea usiku wa matanga,
na kutu imekwishakula herufi ya mwisho ya jina.
Miaka thelathini alisukuma maji kutoka bonde la Kitangari
yapande huku juu, ambako Mungu alituwekea
upepo, korosho na mandhari,
akasahau kisima.
(Padri asinisikie.)

Nimeyaona ya wenzetu.
Mwaka juzi, kozi ya wiki sita, Ufini,
nchi ya Pentti, injinia aliyemfundisha baba
kuisikiliza pampu kwa bisibisi, ncha kwenye chuma, mpini sikioni.
Mjane wake, Aune, alinipeleka kanisani kwao:
mbao tupu, paa limepakwa lami,
jengo zima linanuka kama barabara mpya.
Mlangoni amesimama maskini wa mti,
kiganja mbele, tundu la sarafu kifuani.
Mmakonde hapishani na mti uliochongwa bila kuuamkia.
Nikamwambia Aune, huyu ni ndugu yetu, kapotelea baridini.
Nikamtia sarafu. Ililia ndani yake muda mrefu,
kama inashuka ngazi.

Kisha makaburini.
Langoni madebe arobaini yamening'inia, hayana kufuli.
Unachukua, unamwagilia wako, unarudisha.
Bomba linatiririka na hakuna anayelikimbilia.
Vikongwe vya kofia vinanywesha maua,
na mimi nimeshika debe limejaa,
nashindwa kulimimina.

Lita kumi. Nusu ndoo.
Mkono ulikuwa unazihesabu kwa hesabu ya nyumbani:
uji, sahani, miguu ya watoto,
udhu wa jirani yetu Bi Somoe, na bado chenji inabaki.
Aune akauliza kama ni zito.
Nikasema ni zito.
Akalipokea, akamnywesha Pentti kwa mkono unaotetemeka,
akinieleza kwamba kaburi lile ni la kukodi,
miaka ikiisha na mlipaji asiwepo,
shimo anapewa mwingine.
Sikujua niseme pole au niseme hata huku?

Basi ndiyo maana ya msumari.
Nilipanda waridi mbili kwenye kichwa cha baba.
Ni msimu wa salfa: vumbi la njano kutoka mashamba ya jirani
limetua juu ya misalaba yote,
kana kwamba marehemu nao
wanakingwa na ubwiriunga.

Jumanne, msumari upo, debe halipo.
Nilipita nyumba kwa nyumba nimekaza shingo,
hotuba yangu imeiva mdomoni.
Nikalikuta uani kwa Bi Somoe.
Amelinyanyua juu ya kichwa cha mjukuu,
maji yanashuka kwa matundu, membamba, mengi,
na mtoto anayeogeshwa kwa kikombe tangu azaliwe
anapiga kelele, "Mvua! Bibi, mvua!"

"Lilikuwa linaning'inia tu," akasema, hakugeuka.
"Baba yako hakupenda chombo kikae kikavu. Jioni nitarudisha."

Jioni hakurudisha. Wala Alhamisi.
Jumapili, tukitoka ibadani, nilimwona
kati ya misalaba, kanga imefungwa kiunoni,
anakanyaga kwa uangalifu kati ya wafu wasio wa dini yake,
na debe limejaa maji ya kuogea yaliyokwisha kazi.
Hakuuliza kaburi ni lipi.
Alipita waridi zangu, akammiminia yeye mwenyewe, kifuani.

Povu la sabuni lilikaa kidogo juu ya mchanga.
Halafu baba akalinywa.