Hatua Themanini na Tatu

"Kampala kuna bunge la nyumba moja," alisema Mwalimu Ikwaput
akifuta ubao kwa kiganja,
"lakini ziko nchi zenye nyumba mbili,
na asiyejenga haelewi."

Basi Ijumaa moja ya Aprili, shuleni kwetu Soroti,
darasa la kidato cha tatu likawa Nyumba ya Chini,
viti kwa hesabu ya vichwa:
bweni la Kyoga, wasichana mia na arobaini, viti kumi na vinne;
bweni la Opeta, wasichana kumi na tisa,
kiti kimoja, na hicho mguu wake mbovu.

Ng'ambo ya uwanja, kwenye maabara inayonuka spiriti,
Nyumba ya Juu:
kila bweni wajumbe wawili,
Kyoga wawili, Bisina wawili, Awoja wawili, Opeta wawili,
kana kwamba Mungu aliwaumba siku moja.

Amongin alikuwa Spika, sweta begani kama joho.
Siwa ilikuwa mpini wa fagio.
Mimi sikuchaguliwa popote.
Mimi wa Kyoga, mwenye miguu mirefu,
nilifanywa tarishi.

Muswada wa Pampu, vifungu vitano.
Ulisomwa mara ya kwanza, jina tu;
mara ya pili, wakagombana;
mara ya tatu, sauti za Kyoga zikagonga mabati: Ndiyo!
Kila bweni lichote maji kwa kadiri ya wingi wake.
Opeta, dakika kumi.

Nikaubeba. Hatua themanini na tatu,
kupita jikoni, kupita tangi lililotoboka.

Katika Nyumba ya Juu Asekenye alisimama,
mdogo, kikohozi hakijamtoka:
"Pampu ile husukumwa dakika nne kabla haijatema tone.
Sisi ndio wa kwanza alfajiri.
Hizo nne ni za nani?"
Hakuna aliyejibu.
Wakaandika ishirini.

Nikarudi nao. Wakaukataa.
Nikarudi nao tena. Hawakubadili hata nukta.
Mwalimu alikuwa akitabasamu peke yake, chaki sikioni.
"Sasa," akasema, "kamati ya pamoja."
Watatu huku, watatu kule,
barazani kwa mpishi, moshi ukiwatoa machozi
ambayo baadaye kila upande uliyaita huruma.
Wakakubaliana: ishirini.
Nyumba ya Juu ikapitisha kwanza.
Ikabaki safari moja.

Mvua ilinikuta penye tangi.
Wino wa kalamu ya Mwalimu ulikuwa wa chupa.
Nilipofika, kifungu cha nne kilikuwa ziwa dogo la buluu,
na karani akainua karatasi kwenye mwanga:
"Hapa pameandikwa nini?"

Watu sitini walinitazama.
Kumi na wanne walikuwa wa bweni langu,
na mmoja wao hulala kitanda cha juu yangu.

"Kumi na tano," nikasema.

Ndiyo, wakasema. Hata kile kiti kibovu kilisema ndiyo.
Mwalimu Mkuu akatia saini akiwa amesimama,
mhuri ukalia kama mlango.

Jumatatu Asekenye aliusoma ubao wa matangazo
mara mbili, kidole kikifuata mstari.
Kisha akanijia.
"Siku ile ulipita wapi?"
"Nyasini," nikasema. "Kama siku zote."
Akaitika polepole, akachukua jerikeni lake.

Mihula miwili, kila alfajiri, dakika tano.
Nilizisikia kitandani:
pampu ikikoroma, ikikoroma,
halafu kengele ya kuwaondoa.

Mtihani ulikuja na swali la tatu:
Eleza jinsi nyumba mbili za bunge zinavyochungana.
Nilieleza vizuri. Nilipata kumi na nane kwa ishirini.
Swali halikutaja uwanja uliopo katikati,
wala nani huuvuka,
wala kama siku hiyo kulinyesha.